Baridi ya Kuifikisha Keki Kiranjeranje

Keki ya kwanza ambayo Witness aliipeleka Kiranjeranje ilitoka Lindi ikiwa na ghorofa tatu. Mchinga ikawa na mbili. Walipokaribia Kitomanga, mumewe Benjamini aligeuka kutazama kiti cha nyuma akasema keki imeketi, na walipoingia harusini bwana harusi akapewa kijiko badala ya kisu. Hiyo ya kijiko aliiongeza Benjamini mwenyewe, dereva mstaafu wa malori ambaye hajawahi kusimulia safari bila kuirefusha, lakini watu wa Kiranjeranje waliipenda kuliko ukweli, wakaishika. Aliyepigilia msumari ni shangazi wa bibi harusi, Bi Mwanahija, mwanamke ambaye mdomo wake haukuumbiwa mlango. Alichovya kidole kwenye krimu, akaonja, akatazama kushoto na kulia, akauliza, "Uji mtamu huu. Mgonjwa yuko wapi?"

Tangu hapo Witness akawa Mama Uji. Jina lilipanda gari Kiranjeranje, likashuka Mtanda, mtaani kwake Lindi, likapiga hodi kwenye tanuri lake kabla yeye mwenyewe hajafika.

Sasa binti wa pili wa nyumba ile ile alikuwa anaolewa, na mama mtu, kwa huruma au kwa ubishi na wifi yake, alimpa Witness kazi tena. Witness alijua maana yake. Keki hii ikisimama, jina litakufa. Ikilala, basi ni heri arudie maandazi, maana hakuna bibi harusi kutoka Lindi mpaka Kilwa atakayemwamini mtu aliyefikisha uji mara mbili. Harusi ilikuwa Jumamosi, na kiyoyozi cha gari lake kilikuwa kinapumua pumzi ya mbuzi mwenye homa.

Ukweli ni kwamba kilikuwa hivyo kila baada ya muda, na Witness alikuwa na dawa yake. Yeye ni mtu wa jiko. Jikoni mtungi wa gesi unapikia, unaisha, unajazwa. Kwa hiyo na kwenye gari aliona ni vivyo hivyo: baridi ikipungua, gesi imeisha, anatafuta mtu wa kuijaza, maisha yanaendelea. Hata alikuwa na mbinu ya kubana matumizi. Kwenye mteremko alikizima kiyoyozi ili gesi isiungue bure, na akawafundisha wanawake wenzake wenye magari, nao wakamshukuru.

Safari hii alilipeleka gari kwa Ridhiwani, fundi friji pale Mtanda, mtu mpole anayeongea na mafriji kama anayebembeleza watoto. Alimwambia amjazie tu. Ridhiwani akauliza alijaza lini mara ya mwisho. Kabla ya Idi. Na kabla ya hapo? Msimu wa korosho. Na kabla ya hapo? Witness akaanza kuona maswali yamekuwa mengi kuliko kazi yenyewe.

"Dada Witness," Ridhiwani akasema, "hiyo gesi unadhani inakwenda wapi?"

"Si inaungua."

"Gari yako haipiki, dada yangu. Gesi ya humu inazunguka kama damu, inakwenda na kurudi. Ikipungua, ujue kuna kidonda."

Benjamini, aliyekuwa ameegemea mlango akila karanga, akatoa ushauri wake: kwa kuwa Songosongo wana gesi tele chini ya bahari, wavute bomba refu mpaka kwenye boneti, wamalize udhia. Akaongeza kwamba enzi zake aliwahi kuendesha lori lenye baridi kali mpaka mafuta ya nywele ya utingo yakaganda, ikabidi kofia ivuliwe kwa patasi. Witness alikuwa anahesabu kimoyomoyo miteremko yote aliyoshuka akitokwa jasho bila sababu.

"Basi tukitafute hicho kidonda," akasema.

Ridhiwani akaujaza mfumo naitrojeni, ile hewa kavu anayopimia mafriji, akafunga geji ya kupimia msukumo, wakaikodolea macho. Mshale ulishuka polepole, kama mtu anayeondoka kwenye msiba bila kuaga. Kidonda kipo. Akachukua maji ya sabuni, akamwagia mabomba yote ili panapovuja patoe povu. Maji yakateleza, yakadondoka chini, yakalowesha ndala za Benjamini, na povu halikutoka popote. Akamwagia tena. Hakuna kitu. Mwishowe akajikuna kidevu, akasema huenda panapovuja ni ndani, nyuma ya dashibodi, na kuifungua dashibodi si kazi ya kumaliza kabla ya harusi.

Mtu mwingine angekubali. Witness alitazama yale maji ya sabuni yaliyokuwa yakikimbilia mtaroni, akaona kosa la jikoni, na makosa ya jikoni hayamtishi.

"Povu lako jepesi," akasema. "Halikai. Nisubirini."

Alirudi na mashine yake ya kupigia mayai. Akamimina sabuni ya vyombo kwenye bakuli, maji kidogo sana, akalipiga lile povu mpaka likasimama lenyewe kama ute wa yai. Kisha akalitia kwenye mfuko wa kupambia keki, ule wenye mdomo wa bati, akajifunga kanga kiunoni na kuinamia boneti. Alianzia kwenye kompresa, ile pampu inayosukuma gesi. Kila kiungio alikizungushia ua, kila bomba akalichorea mstari wa mawimbi, juu, ubavuni na hasa chini, mahali ambapo maji ya Ridhiwani hayakukaa hata kupumzika. Wapita njia wakasimama. Benjamini akawaeleza kuwa gari linatimiza miaka, na anayetaka kuimba aimbe.

Alipofika mbele, nyuma ya grili, palikuwa na honi. Hii ilikuwa honi ya lori. Benjamini alipostaafu alishindwa kuagana nayo, akaifunga kwenye kile kigari kidogo kwa chuma kizito, na siku ya kwanza alipoipiga, asema mwenyewe, kuku wa Mtanda walitaga kabla ya zamu yao. Witness akapenyeza mdomo wa mfuko chini ya kile chuma, akakamua.

Povu likatulia. Halafu likainuka kidogo, likavimba, likawa shavu la mtoto aliyebana maji, likapasuka. Likaanza tena.

Ridhiwani akamulika tochi. Chuma cha honi kilikuwa kimelalia bomba la alumini, na kila gari lilipotikisika kililisugua. Kilikwisha kuchimba mfereji, na ndani ya mfereji kulikuwa na tundu ambalo sindano ingelidharau.

Macho yote yakamgeukia Benjamini. Akatafuna karanga iliyokuwa mdomoni, akameza, akasema honi ndiyo iliyotangulia kukaa pale, bomba ndilo lililoisogelea. Witness alinyoosha mkono, akapewa spana, akaifungua honi mwenyewe na kumkabidhi mumewe kama anayemrudishia mtu mtoto wake mkorofi.

Kuona tundu ni jambo moja, kuliziba ni jingine. Ridhiwani alilitoa bomba, akalisugua mpaka likang'aa, akawasha moto wake mdogo. Mkono wake umezoea shaba ya mafriji, na shaba ina adabu: ikipata joto inakuwa nyekundu, inakuonya. Alumini haionyi. Inakutazama nyeupe vile vile, kisha ghafla inaanguka. Ilianguka. Tundu la sindano likawa tundu la harage.

Ridhiwani alizima moto, akakaa kwenye debe. Akasema aagize bomba jipya Dar, na Jumamosi ikipita, ipite. Alisema kwa huzuni ya kweli, na Benjamini naye akaanza kufikiria kwa sauti kama barafu za samaki zingeweza kupangwa kuzunguka keki, ilimradi wageni hawajali harufu.

"Kata hapo palipoharibika," Witness akasema.

"Nikate niunge na nini?"

Alikuwa amekwisha kuinuka. Nyuma ya gereji ya jirani kulikuwa na gari bovu ambalo majani yalilipenda kuliko mwenyewe. Akaomba ruhusa kwa mwenye nalo, akarudi na kipande cha bomba la alumini, kinene kidogo kuliko lile lao. Ridhiwani akakigeuza mkononi, akakijaribu. Ncha mbili za bomba lililokatwa ziliingia ndani yake kama mguu kwenye soksi. Uso wake ukarudiwa na damu, ila mikono ilikuwa bado ina hofu.

Kabla ya kuchomea alipaka ule unga mweupe unaosaidia madini kushikana, akashika tayari waya wa kuyeyushia kwenye kiungio. Witness akauliza unafanyaje ukipata moto. Ridhiwani akajibu kwamba ukiiva unakuwa maji, angavu.

"Basi ni shira," akasema. "Usiangalie bomba. Angalia shira. Nikikwambia toa, toa, hata kama roho yako inasema bado. Sukari ikitolewa jikoni inaendelea kuiva."

Wakainama wawili, vichwa vikikaribia kugongana. Moto ukaenda na kurudi, ukazunguka, haukutulia mahali pamoja. Unga ukakauka, ukatoa mapovu, ukawa kama maziwa. Ghafla ukang'aa.

"Gusa waya. Toa."

Waya ukayeyuka, madini yakakimbia kuzunguka kiungio na kuganda, pete ya fedha iliyovishwa kidole cha alumini. Upande wa pili ulikwenda hivyo hivyo, na safari hii Ridhiwani alitoa moto kabla hajaambiwa. Bomba likarudishwa, likapewa mpira wa kulilinda na mipira mipya kwenye maungio, likajazwa naitrojeni. Witness akalipamba upya kwa povu. Wakaketi kuliangalia lile povu mpaka likanyauka lenyewe kwa jua, bila kuvimba popote. Mshale wa geji ukakaa pale pale. Ndipo Ridhiwani akavuta hewa yote kwa pampu yake, akaingiza gesi kwa kipimo, akamwambia hiyo hana haja ya kuizimia kwenye mteremko.

Jumamosi keki ilipanda gari, ghorofa tatu, nyeupe, na Benjamini akaendesha huku amejitanda kanga mbili za mkewe. Asema Kitomanga kope zake zilishikana kwa barafu, ikabidi aendeshe kwa kukumbuka njia. Witness hakucheka. Alikaa nyuma, mkono hewani karibu na krimu, akipima baridi kwa kiganja njia nzima.

Kiranjeranje, jua lilikuwa limepiga magoti juu ya mapaa ya bati. Turubai limejaa watu, hotuba ndiyo kwanza zinaanza, na meza ya keki imewekwa pale pale penye joto. Vijana wakaja kushusha. Witness akawasimamisha. Keki haitashuka ikangoje hotuba. Wakasema ni lazima iwe mezani. Akasema basi meza ije hapa. Wakaenda kuuliza, wakarudi, wakaenda tena, na gari likaendelea kuunguruma. Mwishowe maharusi wenyewe wakaja na kisu, wanawake wakiwafuata kwa vigelegele, na keki ikakatwa mlangoni mwa gari ikiwa imesimama wima kama askari.

Bi Mwanahija aliwapangua watu mpaka mbele. Alichovya kidole kwenye krimu. Kidole hakikuzama. Akakitazama kidole, akaitazama keki, jasho likimtiririka chini ya ushungi, kisha ile hewa ya ndani ikampiga usoni. Alizunguka gari, akafungua mlango wa mbele, akaketi, mguu mmoja ukiwa bado nje.

"Ama uingie, ama utoke, Bi Mwanahija," Witness akamwambia. "Mlango nafunga."

Bi Mwanahija akauvuta mguu ndani.