Doa Lililohama Pafuni

Fundi wa kuchomea mageti alilala kwenye kitanda cha mashine na mzaha mdomoni. "Mama, hiyo dawa ya mionzi uliyonidunga ikinifanya niwake kama balbu, mke wangu atashukuru. Kwetu umeme hukatika kila siku."

"Tulia, baba. Pumua taratibu, kama mtu anayesinzia."

Kwa neno hilo la "tulia", wenzake walimbandika mama huyo, mpiga picha za hospitali, jina la Bibi Tulia. Alifunga mlango mzito, akaketi nyuma ya kioo, akawasha mashine. Kwenye spika ya mezani alizisikia pumzi za fundi. Kisha akasikia za pili: ndefu, nzito, zenye mkwaruzo, zikipishana na zile za kwanza. Alitikisa waya. Akapunguza sauti, akaipandisha. Chumbani alikuwamo fundi peke yake. Nywele zilimsimama, lakini kazi ni kazi, akamaliza.

Picha zilipofika kwa daktari msomaji wa picha, doa lilionekana chini ya pafu la kulia, limekaa kama jicho. Daktari wa upasuaji alisimama nyuma ya kiti chake.

"Pacha wa fundi huyu alikufa kwa saratani ya pafu hilohilo," akasema. "Damu moja, ugonjwa mmoja. Nitalifungua pafu."

Daktari msomaji aliikuza picha. Kitu kilikuwa kinamkera. Juu ya ini palikuwa na utepe mweupe, kama kipande kilichomegwa. Tena, kwenye picha ya eksirei ya mashine ileile, pale penye doa hapakuwa na uvimbe wowote. Pafu lilikuwa safi.

Akafungua picha ghafi, ile ambayo kompyuta haijaisahihisha. Doa likaondoka pafuni. Lilikuwa limeganda kwenye ukingo wa ini. Akarudi kwenye picha iliyosahihishwa: pafuni. Ghafi: kwenye ini. Daktari wa upasuaji alirudi nyuma hatua.

"Linatuchezea?"

"Masahihisho ndiyo yanayotuchezea," akasema msomaji. Alimweleza: mionzi hupotea ikipita kwenye nyama na mifupa, basi kompyuta hutumia eksirei kama ramani ili kuirudishia kilichopotea. Bila hivyo, vilivyo ndani kabisa hufifia visionekane. Lakini eksirei hupigwa mara moja tu, na picha ya dawa huchukua muda mrefu, mtu akiendelea kupumua taratibu. "Kama alikuwa amejaza kifua wakati wa eksirei, ini lilishuka kwenye ramani. Doa la ini likapewa makao ya pafu."

Wakamwita Bibi Tulia. "Alivuta pumzi kubwa?"

Mama huyo aligeuka kuutazama mlango wa chumba cha mashine. "Kuna aliyevuta," akasema.

Fundi aliitwa tena, akaja na mkewe. Alipoulizwa, mzaha ulimwisha.

"Daktari, mimi nilikuwa napumua kidogo kidogo kama nilivyoambiwa. Kitanda kilipoanza kusogea, nikamsikia pacha wangu ubavuni, anavuta hewa kama siku zile za mwisho. Kifua changu kikajaa chenyewe. Nilitaka kuishusha pumzi, ikagoma."

"Tangu tumzike, akilala anapumua vile," mkewe akasema kwa sauti ya chini. "Mimi huamka nikadhani shemeji yumo chumbani."

Hakuna aliyecheka. Waliafikiana picha zirudiwe. Safari hii mkewe alifundishwa kumpumulia pole pole kupitia kipaza sauti, naye fundi amfuate. "Mume wangu, mimi niko hapa. Nifuate mimi," aliendelea kusema, machozi yakimtiririka, mkono umegusa kioo. Bibi Tulia alitega sikio kwenye spika. Mara moja tu mkwaruzo ulianza, ukasita, ukazimika.

Picha mpya ilipokaa sawa na ramani yake, ule utepe mweupe ulitoweka. Doa lilikuwa kwenye ini, juu kabisa, chini ya kiwambo cha kifua, ule msuli unaokitenga na tumbo, na lilionekana kali kuliko kwanza. Pafu lilikuwa tupu.

Daktari wa upasuaji alikata ini, si pafu. Uvimbe ulitoka mzima, na maabara ikathibitisha kuwa ulianzia pale pale, haukuwa wa aina iliyomuua pacha. Fundi alipozinduka, kitu cha kwanza alichoomba kilikuwa maji. Cha pili, aletewe kiti upande wa kulia wa kitanda. Mkewe alitaka kukikalia, akamzuia kwa upole.

"Ndugu yangu amesimama sana," akasema. "Mwache apumzike."