Vidonge Ndani ya Kopo la Vifungo

Tangu dada yake mkubwa ampe figo, fundi cherehani hakupumua. Kila asubuhi dada aliingia kibandani, akairuka salamu na kuuliza kwa sauti, "Figo yangu haijambo?" Wateja walicheka mbavu ziwaume. Fundi naye alicheka, ila rohoni ilimkera: figo inajuliwa hali, yeye je?

Kisha akashikwa na mafua, na ujuaji ukamponza. Vidonge vyangu vya figo vinatuliza kinga ya mwili, akawaza, na mafua yanataka kinga kali; basi nivipumzishe mpaka pua ikauke. Akavitia kwenye kopo la vifungo siku nne, asimwambie mtu.

Siku ya tano miguu ilivimba. Kliniki, damu ilionyesha figo inachuja kwa taabu. Dada alikaa pembeni, mkoba kwapani, akimkazia macho. Macho hayo yalimtisha fundi kuliko majibu.

"Askari wa mwili hawapigani ovyo," daktari alisema. "Hungoja kuitwa. Mafua yakiingia, seli humwaga kemikali za kupeana habari, kama king'ora. Askari wakiamka, wanaikuta figo ngeni na kuivamia. Vidonge ndivyo vinavyowazuia. Vilikuwa wapi?"

"Kwenye kopo la vifungo."

Daktari alijikaza asicheke, akashindwa. "Nimeona vya kwenye soksi, lakini vifungo! Haya, utalazwa siku tatu, tukutilie dawa kali kwenye mshipa. Tukiwahi, itapona."

Siku tatu hizo fundi aliangalia dari na kujilaumu. Mtu amekatwa ubavu kwa ajili yako, nawe unaleta ujanja wa pua! Dada alikuja, akaketi nje ya wodi, hakuingia.

Asubuhi ya nne majibu yalikuwa mazuri. Figo ilikuwa imerudi kazini. Dada akaingia, macho mekundu. Fundi alikuwa amejiandaa.

"Dada, nisamehe. Nimeichezea figo yako."

"Yangu ipi? Nilishaitoa!" Akabwaga mkoba kitandani. "Siku tatu chakula hakipiti kooni, unadhani nawaza figo? Ningekuzika wewe, ningemtania nani?" Akajifuta machozi kwa shuka la mgonjwa, akapenga kamasi humohumo. "Hujambo, mdogo wangu?"

Fundi alicheka huku analia. "Sijambo, dada."

"Haya, fumbua mdomo," dada akasema, akapokea vidonge vya asubuhi kwa nesi, akasimama palepale mpaka fundi alipovimeza vyote.