Kifaa Chenye Laini na Jiwe la Lyasa

Nimeendesha malori tangu miguu yangu ilipofikia pedali, nimesoma kwa vipande, darasa hili mji huu, darasa lile mji ule, na ndoto si vitu ninavyovitilia maanani. Hii imekataa kunitoka. Asubuhi ya siku hiyo, kwenye mteremko wa Lyasa, nilikuta jiwe kubwa kama kibanda cha mlinzi limeporomoka na mvua na kuimeza kona. Nilikata usukani, ubavu wa lori ukakwaruza mwamba, nikapita. Sikushuka. Sikukata hata matawi ya kutandika barabarani, kama tufanyavyo madereva kuwaonya wanaokuja nyuma. Nililitukana jiwe nikakanyaga mafuta, ingawa nilijua Ambakisye, dereva mwenzangu kwa miaka kumi na tisa sasa, angeshuka pale alasiri na shehena ya saruji, na simu yake huizima akishika usukani.

Mjini niliingia dukani kwa Bi Sikudhani kutafuta kifaa cha kuonyesha njia, maana macho yangu yamechoka kusoma vibao. Akaniwekea viwili mezani. Kimoja kina ramani iliyofungiwa ndani, basi. Cha pili kina laini yake kama simu, kinavuta habari za barabara kadiri unavyokwenda. Ambakisye anacho kama hicho, nami nimemcheka sana kwa ajili yake. Nikamwambia mama yule kwamba barabara hazihami, ramani inatosha. Akanitazama juu ya miwani.

"Barabara hazihami, mzee wangu. Yanayozikuta ndiyo yanayohama."

Nikashindwa kuchagua. Nikaomba nijinyooshe kwanza kwenye benchi lake la nje, jua likiwa utosini, na usingizi ukanizoa.

Nikajiona katika nchi ambayo ardhi yake yote ni barabara, nyekundu, yenye utelezi, na nilipoinama nikajua kuwa wekundu ule si wa udongo. Mtu mmoja alipita mbele yangu, amejitwisha mfuko wa saruji, uso sikuuona, na nyuma yake alikwenda Haraka, jibaba lenye mjeledi wa waya, likimchapa mpaka shati likachanika pamoja na ngozi. Kwenye njia panda walisimama viongozi wawili. Wa kwanza ni Mzee Mazoea, macho yametobolewa zamani, ramani amechanjwa kifuani kwa kisu, akijigamba kwamba njia ile ameipita mara elfu na haina kitu. Wa pili ni Bibi Habari, mwanamke ambaye masikioni mwake zinatoka nyuzi nyembamba zinazokwenda mbele hadi upeo wa macho. Yule mtu aliwatazama waliomfuata Mazoea. Walifika konani wakiimba, na nyuma ya kona alikuwapo Ghafla na nyundo zake, akawaponda mmoja mmoja, mafuvu yakipasuka kama vibuyu, naye Mazoea akarudi kuchukua wengine kwa sauti ileile tulivu. Basi mtu akamkimbilia Bibi Habari, akamwuliza kona ile ina nini. Bibi akazisikiliza nyuzi zake, na damu ikaanza kumchuruzika masikioni.

"Mwanangu, mimi sina macho," akasema. "Najua tu kile ambacho aliyetangulia amekubali kunirudishia. Uzi wa kona ile umekatwa. Mtu aliona, akapita, akanyamaza."

"Nani huyo?"

"Anaitwa Kimya. Ghafla hana silaha yake mwenyewe. Nyundo zote anapewa na Kimya."

Mjeledi ukampata mtu yule usoni, akaenda konani kwa kuwa hakuachiwa nafasi ya kusimama. Nilitaka kupiga kelele, lakini kulikuwa na kitu kati ya meno yangu. Nikakitema. Kilikuwa kipande cha uzi. Nikautazama mkono wangu, nikakuta umeshika nyundo na unaikabidhi, na Ghafla akaipokea kwa adabu, akasema ahsante mzee. Mfuko wa saruji ulipasuka kwanza, vumbi likatanda, kisha nikasikia mfupa. Yule mtu alianguka akinigeukia. Alikuwa Ambakisye.

Niliamka nimeliuma shati langu. Bi Sikudhani akaniuliza nimepigana na nani.

"Hiki chenye laini," nikamwambia, "aliye mbele akinyamaza?"

"Nacho kitanyamaza, mzee. Kitajuaje?"

Nikakichukua hicho. Kabla sijakiuliza njia yangu yoyote, nikamwomba anionyeshe pa kugusa ili kusema kuna jiwe, nikagusa: Lyasa, kona ya tatu. Kisha nikageuza lori. Nilikuwa naparamia ukingo wa mlima na panga, nikikata matawi kwa ajili ya wale wasio na kifaa, kiliposema kutoka ndani ya lori, kwa sauti ya mwanamke asiye na pupa, kwamba jiwe la Lyasa limethibitishwa na dereva mmoja aliyefika hapo.

Nikaketi chini na matawi yangu. Punde lori la saruji likatokea konani, likashuka taratibu, likasimama. Ambakisye akatoa kichwa dirishani, akaniuliza mzee mzima nalilia nini na majani mkononi. Nikamwambia asogee, anaziba njia, nikainuka kwenda kutandika matawi.