Msichana wa Ukingoni

Mimi sichori kwa kalamu. Nakata karatasi na vitambaa kwa mkasi, napanga watu juu ya mto au mlima, popote hadithi inapowataka. Ndiyo kazi yangu ya vitabu vya picha vya watoto, na naijua. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kosa lilikuwa langu.

Hadithi yenyewe ni ya kwetu. Shangazi yangu, aliyenilea, aliipata kwa bibi yake mzaa baba. Bibi huyo alizaliwa utumwani, kwenye shamba lililopakana na mto. Alfajiri moja mama yake alitoroka, kitoto kichanga mgongoni, akavuka mto huku akimwomba Mungu kimoyomoyo. Bibi alikuwa bado msichana mdogo, na kifua kilikuwa kimembana. Kikohozi chake kingewaamsha walinzi. Mama akamwacha ukingoni, akamwambia arudi akalale. Hawakuonana tena.

Bibi yule alizeeka palepale, na kila jioni aliomba dua moja: "Mungu, mpe mama usingizi." Hakuomba mama arudi kumchukua. Shangazi alikuwa akilala naye kitanda kimoja, ndiye aliyemsikia.

Sasa Shangazi mwenyewe ni mgonjwa wa moyo, na hakuwa na haja ya mengi. Alitaka amwone bibi yake kitabuni kabla hajafa, palepale alipoachwa, na dua yake chini ya picha. Alikata pindo la kitambaa chake cha kichwa, kile cha maua mekundu, akanipa nimvalishe yule msichana. Kitambaa kikipakwa gundi hujikunja, basi msichana nikambana kwa pini.

Tulipeleka picha pamoja. Shangazi alipanda ngazi za wachapishaji wangu wa vitabu vya dini akihema, akikataa mkono wangu.

"Dada, mikono yako ina baraka," mhariri akaanza kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Ila huyu mtoto aliyeachwa, mmh. Wasomaji wetu wadogo watalia. Hiki ni kitabu cha imani. Mungu hamwachi mtu."

"Mungu hakumwacha," Shangazi akamjibu. "Mama yake ndiye aliyemwacha. Na bado mtoto akamwombea mama. Wewe unatafuta imani gani nyingine?"

Mhariri akainamisha kichwa kwa adabu. "Tumekusikia, mama. Tutaliangalia."

Njia nzima Shangazi alikuwa na furaha. Aliamini amesikilizwa. Na mimi mjinga niliamini vilevile.

Kitabu kilipoletwa nilikifungua mlangoni. Msichana hakuwa ukingoni. Walichomoa pini, wakamtia mtoni, mkono wake kwenye mkono wa mama. Dua wameifuta. Chini wameandika: "Wote wakavuka salama, maana Mungu hamwachi mtu."

Nikampigia simu mhariri. "Hatukukata kitu, dada, tumemsogeza tu," akasema. "Mbona amependeza? Na vimeshachapwa, maji yakimwagika hayazoleki." Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilimtukana mpaka sauti ikanikauka, na sijutii hata neno moja.

"Kimekuja?" Shangazi akaita kutoka chumbani.

Nilitaka kusema hapana. Lakini alikuwa amesikia kila kitu, kuta zetu ni nyembamba. Nikampelekea.

Akavaa miwani. Akafunua polepole, akacheka kidogo alipomwona kichanga mgongoni. Alipofika mtoni akapapasa yale maua mekundu kwa kidole. Kisha kidole kikaenda ukingoni, kikatafuta, kikarudi. Akasoma maneno ya chini midomo ikicheza. Nilingoja alie. Nilitamani alaani, nimwitikie.

"Wamemvusha," akasema.

"Wamemhamisha, Shangazi. Si mimi."

"Najua si wewe." Akavua miwani. "Babu yangu alikuwa mtumwa wa shamba lilelile. Walikutana kwa sababu bibi alibaki. Akamzaa baba yangu hukohuko, baba akanizaa mimi, akamzaa na baba yako. Sasa kama alivuka, sisi tumetoka wapi?"

Akafunga kitabu, akanirudishia, akageukia ukutani.

"Kawaambie wanipe kitambaa changu," akasema.