Nguzo Ishirini za Ebenyo

Siku hiyo mpumbavu alikuwa Ebenyo, na ukimuuliza mwenyewe hakatai. Wengine hupumbazwa na pombe, wengine na mapenzi; yeye alipumbazwa na mabango ishirini.

Yalikuwa mabango mazuri, tusimwonee. Ubao mweupe, maandishi mekundu: USIKATE MTI. Kila ubao ulipigiliwa juu ya nguzo iliyonyooka. Aliyapakia kwenye pikapu asubuhi mtaani kwao Kanamkemer, na njia nzima kutoka Lodwar hadi Kakuma alikuwa akipiga mluzi. Utomvu wa zile nguzo ulimgandia viganjani na kwenye shati jipya.

"Marashi ya kazi," alimwambia dereva.

Ebenyo alikuwa karani wa kamati ya mito, iliyounganisha miji hiyo miwili. Lodwar ilipokataza makaa ya mgunga, makaa yalitoka Kakuma. Kakuma ilipokataza, malori yaligeuza pua yakarudi Lodwar. Basi kwa miezi minane Ebenyo alikimbia huku na huku akiwasihi watu wakubali sheria moja: mgunga usiguswe kando ya mto Turkwel wala kando ya mto Tarach. Mwenye shida ya kuni akate mathenge, ambao ukiukata leo, kesho umeshachipua na miiba yake. Wafugaji walikwisha kutia sahihi. Walibaki akina mama wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, walinzi wa miche elfu moja iliyopandwa ukingoni mwa Tarach. Wakijitoa wao, miche ingeishia matumboni mwa mbuzi kabla ya Krismasi, na miezi minane ya Ebenyo pamoja nayo.

Mwenyekiti wao, Adhel, mama wa makamo kutoka Sudan Kusini, alikuwa akimsubiri mkutanoni pale ukingoni, pamoja na wanawake wenzake na wafugaji, daftari mkononi.

"Ejok, Mama Adhel!" Ebenyo aliruka kutoka kwenye pikapu. "Nimekuletea walinzi ishirini, hawali, hawalali. Maana ninyi nawajua! Mkimbizi akiona mti haoni kivuli, anaona sufuria inachemka."

Wafugaji wakacheka. Wanawake hawakucheka. Adhel akalifunga daftari.

"Utani tu, mama."

"Nimesikia. Shusha mizigo yako."

Pale palikuwa pia na Namuria, shangazi yake Ebenyo, aliyekaa Kakuma wiki nzima kwa binti yake aliyejifungua. Kule Lodwar, Namuria ndiye mlinzi wa ekwar ya familia, kile kipande cha msitu wa mtoni ambacho Waturkana hurithishana, na mbuzi wa familia hula maganda ya mbegu za miti yake. Aliinama kwenye nguzo ya kwanza, akapitisha kidole chini kabisa, pale gome lilipoachwa bila kubanduliwa.

"Ebenyo. Njoo usome."

"Shangazi, maandishi yako juu. Hilo ni gome tu."

"Soma."

Akachuchumaa. Duara na mistari miwili, imechomwa kwa chuma cha moto. Chapa ya ngamia wa babu yake. Mkono uliochoma chapa ile kwenye kila mgunga wa ekwar yao ulikuwa huu huu wa Namuria, ulioishika nguzo sasa.

Akakumbuka alivyozipata. Mabomba ya chuma yaliyoagizwa Kitale yalichelewa, siku ya mkutano ikakaribia, naye akamwendea fundi wa jirani: nataka nguzo ishirini, zimenyooka, kesho kutwa. Hakuuliza zingetoka wapi. Hakuuliza kwa sababu aliogopa kujibiwa.

"Mwaka wa ule ukame," Namuria alisema, wala hakupaza sauti, "mbuzi sita walibaki hai kwa maganda ya miti hii. Maziwa yao ulikunywa wewe. Sisi wengine tulikuwa tunakuangalia."

Ebenyo alitaka kuficha mikono nyuma. Kiganja kikanasa kwenye shati, na watu wote wakamtazama akikibandua.

"Ni fundi aliyekata," alisema. "Mimi sikujua."

"Ee, hukujua," Adhel alidakia. "Apajok wangu alikamatwa na kuni mgongoni, mwezi wa tatu. Yeye pia alisema hakujua hiyo ni mgunga. Kwenye ripoti uliandika nini?"

Ebenyo alikumbuka vizuri sana. Aliandika neno moja, tena akalipigia mstari: Kisingizio.

Apajok mwenyewe alikuwa amekaa pale mbele kati ya wanawake, mtoto mapajani, akichora mchangani kwa kijiti. Hakuinua macho. Afadhali angemtukana.

"Sahihi zetu utapata," Adhel alisema. "Lakini kwanza andika jina lako kwenye ripoti hiyo hiyo. Chini ya jina lake."

Akaitoa ripoti kwenye faili la kamati, akaandika. Ukurasa ulimganda vidoleni, jina likatoka limepinda kama la mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika penye sababu, aliandika lile lile neno. Ndipo wanawake wakaja mmoja mmoja, wakatia sahihi bila kumtazama usoni, na Apajok akawa wa mwisho.

Hapo mtu mwenye akili angepanda pikapu akaenda zake kimya. Lakini Ebenyo alipoona mkataba umepona, ulimi ukamwasha tena.

"Sasa jamani, hizi nguzo zimeshakufa. Hatuwezi kuzirudisha mtoni. Tuzisimike tu, angalau zifanye kazi."

"Hapana," alisema Namuria.

"Shangazi, kosa ni la nguzo, si la maandishi! Usikate mti, kuna uongo gani hapo?" Wafugaji wawili watatu wakatikisa vichwa kukubali. Akapata nguvu, akainyanyua moja, akaisimamisha mchangani na ubao wake mweupe juu. "Mama Adhel, sema wewe. Ina ubaya gani?"

Adhel akaitazama nguzo, kutoka kwenye chapa mpaka kwenye ubao.

"Simamisha tu, bwana. Lakini hiyo USIKATE MTI futa. Andika HAPA AMELALA."