Adhana ya Barafuni

Bi Sabah alirudi Maskati na mafua na siri. Mafua yalikwisha kwa chai ya tangawizi. Siri ndiyo iliyomkaa kooni.

Miaka thelathini alisomesha biolojia, na kila mwaka alichora ubaoni dubu mweupe na watoto wake wawili, wanyama ambao hajapata kuwatia machoni. Alipostaafu akasema atakwenda kuwatazama kwao kabla hajafa. Kaka yake, Nasr, alicheka mpaka machozi. "Meli za watalii zinakuja zenyewe bandari ya Sultan Qaboos, weye unazifuata barafuni! Nnakwambia, utarudi na baridi yabisi. Dubu humwoni."

Akaenda vivyo hivyo, wakati wa kiangazi, huko kaskazini ambako jua halizami. Aliona nyangumi. Aliona sili wamejilaza kama magunia ya mchele, na majabalini ndege wengi kuliko watu wa soko la Matrah siku ya kuamkia Idi. Na kwa kuwa jua halikutua, Maghrib haikujulikana, basi akaswali kwa saa za nyumbani, simu yake ikimwadhinia wakati wa Maskati.

Simu hiyo ndiyo iliyomponza. Siku ya sita dubu alionekana kalala juu ya barafu, mgongo tu. Mwongozaji akawaomba abiria wanyamaze kabisa wasije wakamshtua. Bi Sabah alikwisha kuiweka kamera yake juu ya stendi, inarekodi video. Mara, ndani ya mkoba: Allahu akbar, Allahu akbar! Aliinama akapekua. Akatoa miwani, tasbihi, biskuti; simu haishikiki. Watu wakaguta, "Aaah!" Alipoinua kichwa, dubu hayupo. Hakungoja kulaumiwa. Alikwenda kujifungia chumbani akalia, na mpaka safari inakwisha alikula peke yake. Abiria wakimchekea, aliona wanamhurumia. Video ile hakuthubutu kuitazama.

Sasa wamekaa ukumbini kwao Ghubra, alasiri inakwisha, kahawa na halwa mbele yao. Ghadeer, binti wa Nasr, ameunganisha kamera na televisheni. Bi Sabah alikusudia kuizima video dubu angali kalala. Lakini rimoti ilikuwa mkononi mwa Nasr, na rimoti ya Nasr hata mkewe, Mungu amrehemu, hakupata kuigusa.

"Ndiye huyo?" Nasr akauliza. "Mbona kama mto wa usufi?"

"Ndiye. Basi zima, kaka, kahawa inapoa."

"Ngoja kwanza."

Adhana ikaanza. Nasr, kwa adabu aliyolelewa nayo, akabonyeza kuinyamazisha televisheni. Adhana ikakatika.

Wakatazamana. Nasr akarudisha sauti, adhana ikaendelea. Akaitoa, kimya. Akaangalia saa ya ukutani: msikitini Maghrib bado robo saa nzima.

"Sabah! Umekwenda kuwaadhinia madubu?"

Bi Sabah alitamani zulia limmeze. "Nlisahau kuizima simu," akasema. "Watu wametoka mbali kuja kumwona, mie nkamfukuza. Wallahi, nnaona haya mpaka leo."

"Umemfukuza wapi, shangazi?" Ghadeer akamshika mkono. "Hebu tazama!"

Kwenye kioo dubu aliinua kichwa, akasikiliza. Kisha akasimama, na ubavuni mwake, pale alipokuwa amewakinga na upepo, wakatoka watoto wawili, wakijikwaa kwenye nyayo za mama yao. Nasr akarudisha sauti. "Aaah!" walisema abiria, na baada yake vikafuata vicheko, na mama mmoja akisema jambo kwa Kijerumani kwa sauti ya mtu aliyeona mtoto mchanga. Dubu akawaongoza wanawe taratibu nyuma ya mwamba wa barafu. Kwenye ukingo wa picha lilionekana bega la Bi Sabah, ameinama, anapekua mkoba.

"Wawili," alisema Bi Sabah. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta, maana yalikuwa ya furaha. "Wawili, kama nlivyokuwa nkiwachora."

Nasr akairudisha video mwanzo bila kuombwa, wakaitazama tena, na tena.

Walikuwa kwenye mara ya nne, dubu angali kalala, adhana ilipolia. Nasr akainua rimoti, akabonyeza. Safari hii haikunyamaza.

"Haya," Bi Sabah akasema, akijitanda mtandio wake, "hiyo sasa ni yetu sisi."