Mvua ya Wagombea

Saa kumi na mbili asubuhi, kama kila siku isipokuwa Jumapili, wazee wa mji wa Elstad walikuwa wameshakaa kwenye meza ndefu ya mkahawa wa LaVonne, wakirusha dadu kuamua nani atalipia kahawa. Warepublican walikaa upande wa dirishani, Wademokrat upande wa jikoni. Duane Vander Ploeg, mfuga nguruwe, ndiye aliyekuwa msemaji wa dirishani. Arlo Petersen, fundi wa matrekta aliyestaafu, alimjibu kutoka jikoni. Walikuwa wakibishana hivyo tangu wakiwa na nywele kichwani, na hakuna aliyewahi kumhamisha mwenzake hata kiti kimoja.

Mwaka ule walibishania mvua. Sehemu yetu ya Iowa, jimbo ambalo huanza kuchagua wagombea urais kabla ya mengine, haikuwa imepata tone tangu mwishoni mwa Mei, ukiacha ile ya wagombea. Mgombea urais akifika kwenye shamba la mtu, akapanda juu ya tela na kutamka kwamba ruzuku ya wakulima haitaguswa, wingu lilikuja, likanyesha shamba hilo mpaka kwenye uzio, na ng'ambo ya uzio vumbi likaendelea kutimka. Redio ilikuwa imeanza kusoma ratiba za kampeni pamoja na utabiri wa hali ya hewa.

"Mvua ya Seneta Lindahl ndiyo mvua," alisema Duane. "Nusu saa, mitaro imejaa. Ya gavana wenu ni manyunyu ya kunawia mikono."

"Manyunyu yanaingia ardhini, bwana. Ya seneta wako ilibeba udongo ikaupeleka mtoni, na seneta mwenyewe akapanda ndege akaenda zake."

"Akaenda kushinda. Ohio anayo, Florida anayo. Nyie mna nani? Gavana Tressider hata kwao hawamtaki."

"Kwenu Jumatatu mpaka Alhamisi mnaimba serikali isigawe hela. Ijumaa mko kwenye foleni ya ruzuku."

"Ile hatupewi. Ile tunarudishiwa."

LaVonne akawaongezea kahawa. Aliwaongezea kila walipofika hapo.

Mvua nyingi zaidi ilikuwa imemwangukia Vernon Tiedt, mwenye ardhi kubwa kuliko wote wilayani. Vernon aliweka kofia mbili ndani ya pikapu yake, moja ya kila chama, na aliwapokea wagombea wote kwa nyama ya nguruwe ya kuchoma na tabasamu lile lile. Mahindi yake yalikuwa yamepita dari ya baraza, naye alishaanza kulalamika kuhusu matope. Ruzuku nayo ilimmiminikia yeye, maana hulipwa kwa ekari, na ekari ni zake. Mezani hakuna aliyeona ajabu. Waliona ajabu kwamba gavana alikula kipande chake cha nyama kwa uma, wakati nyama ile hushikwa kwa mfupa wake.

Marlys Haugen alikaa mwishoni mwa meza, upande wa jikoni. Alilima shamba la kukodi, lile lile alilokodi baba yake. Miaka miwili mfululizo lilikuwa limemtupa bila mavuno, na mwenye shamba alishasema kwamba mwaka wa tatu ukiwa hivyo, atampa mtu mwingine.

"Mahindi yangu yanatoa mbelewele wiki hii," alisema. "Yasipopata maji sasa, hayabebi kitu."

"Shida yako wewe ni mdomo," Duane akamwambia, bila ubaya. "Watu wa gavana walipokupigia simu uliwaambia nini?"

"Niliwaambia nitamuunga mkono."

Meza nzima ikatikisa kichwa, pande zote mbili. Ni kosa ambalo hata mtoto wa Iowa halifanyi. Kwetu mtu akiulizwa anamtaka nani, hujibu kwamba bado anatafakari, hata kama alishaamua tangu tumboni mwa mama yake. Aliyeamua hatembelewi. Anayetafakari huletewa wagombea mpaka mlangoni, wanamsifia ng'ombe na kumuuliza habari za magoti yake.

Marlys akarudi nyumbani, akapiga simu ofisi ya kampeni na kusema amepata mashaka. Alhamisi, Gavana Colleen Tressider alifika kwake na magari manne.

Alikula kipande cha pai, akasifia ukoko. Alishika bua la hindi lililonyauka, akalitazama kwa huzuni mpaka wapiga picha walipomaliza. Kisha akapanda juu ya tela mbele ya banda, akasema kwamba mkulima ni uti wa mgongo wa taifa na kwamba siku atakapoingia Ikulu, ruzuku haitapungua hata senti.

Wingu likaja. Lilikuwa zito na jeusi, na lilisimama sawasawa juu ya mahindi ya Marlys. Wasaidizi wa gavana wakafungua miavuli. Arlo, aliyekuja kushuhudia kwa niaba ya meza, akavua miwani isije ikalowa. Marlys hakusogea. Alikuwa amekunja mikono kifuani.

Wingu likakaa pale kwa muda wa mtu kuvuta pumzi mara kadhaa, kama mgeni anayesoma namba ya nyumba. Halafu likageuka, likaelekea kusini-magharibi, likapita juu ya mji na kutokomea.

Gavana akashuka kwenye tela, akampa Marlys mkono na kumshukuru kwa pai.

Jioni simu ililia jikoni. Alikuwa Daktari Kessler, daktari wa meno anayeishi Arizona, jimbo la jangwa huko kusini-magharibi, mwenye shamba. Alilirithi kwa shangazi yake na alilikanyaga mara moja, siku ya mazishi.

"Marlys, sijui mmefanya nini huko," alisema kwa furaha, "lakini kumenyesha kwangu tu. Bwawa la kuogelea limefurika. Nyasi utazipenda. Jirani kakauka kabisa."

"Hongera, daktari," alisema Marlys. "Ni mvua ya Gavana Tressider. Alikuja hapa leo."

"Yaani shamba hilo linaleta mtu anayeweza kuwa rais? Sikujua. Basi hata kodi yake haiwezi kubaki ile ya zamani, utanielewa."

Alimwelewa. Mahindi yake yalikauka yakisimama. Kabla ya Septemba mosi, kama sheria inavyotaka, daktari alimtaarifu kwamba mkataba hautaendelea. Shamba lilichukuliwa na Vernon Tiedt, ambaye kodi mpya haikumsumbua.

Mkahawani walilijadili jambo hilo kwa kina.

"Kumbe inafuata hati ya ardhi," alisema Duane. "Lakini angalia, ni mvua ya gavana iliyopotelea Arizona. Seneta asingefanya hivyo."

"Ya seneta ingefika Mexico," alisema Arlo. "Na tena sikiliza. Gavana akipata Arizona, hesabu yenu ya urais imekufa. Ile bwana ni kampeni."

"Kwa bwawa la daktari mmoja?"

"Huanza na mmoja."

Waliendelea mpaka LaVonne alipoanza kupanga sahani za chakula cha mchana. Marlys alinywa kahawa yake, akaaga. Alikuwa na miadi ya kazi kwenye kiwanda cha kufungasha mayai.

Januari, usiku wa kila chama kuchagua mgombea wake wa urais, theluji ilikuwa imefika magotini. Warepublican walikutana kwenye maktaba ya shule, Wademokrat kwenye ukumbi wa michezo, ambako mtu huchagua kwa kwenda kusimama kwenye kona ya mgombea wake, majirani wakimwona. Marlys aliingia amevaa koti la kazini. Akakung'uta viatu, akavuka ukumbi moja kwa moja mpaka kona ya Gavana Tressider.

Arlo alikuwa akihesabu watu wa kona hiyo. Akasita mbele yake.

"Marlys. Una hakika?"

"Mimi na baba yangu tumelima pale miaka yote ile," alisema Marlys. "Gavana peke yake ndiye aliyewahi kuja kututembelea."

Arlo akamgusa bega, akamhesabu, akaendelea na aliyefuata.